Ridgeback au Boerboel? Kabla hujatuma hela, mpapase mgongo

Simba, mbwa wangu wa Ridgeback, alikuwa na miezi minne siku mwanangu wa mwisho alipoingia ndani na usaha begani. Alikuwa ametoka kumkumbatia. Nilipofunua manyoya ya shingoni, chini kidogo ya kisogo, nikakuta kitundu kama kilichotobolewa na sindano ya kushonea, kinatoka maji ya njano. Daktari wa mifugo hakuhitaji hata dakika mbili. Aliivuta ngozi juu kwa vidole viwili, akaniambia, "Mama, shika hapa." Nikashika. Ndani yake kulikuwa na kitu kama tambi iliyochemka, kimeshuka kuelekea uti wa mgongo. "Hiki kazaliwa nacho," akasema. "Aliyekuuzia angekishika siku ile ile."

Mbwa huyo nilimlipia shilingi 1,200,000 kwa kuangalia picha za WhatsApp, nikampokea stendi akiwa ndani ya boksi.

Kwa hiyo mnaoniuliza mchukue Ridgeback au Boerboel, mbegu mbili ambazo hapa Dodoma unaweza kuzunguka Nkuhungu yote usimwone hata mmoja, naanzia mgongoni. Habari za ukali, rangi na nani anapenda watoto kila muuzaji atakusimulia bila kuombwa.

Ridgeback ametoka kusini mwa Afrika. Wakhoikhoi, wenyeji wa huko, walikuwa na mbwa wenye mstari wa manyoya mgongoni yaliyolala kinyume na mengine, walowezi wakawachanganya na mbwa wao, na mwaka 1922 wafugaji wakakutana Bulawayo, Zimbabwe ya leo, kuandika sifa za mbegu hii. Mstari huo ndio unaomuuza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba urithi unaoleta mstari ndio huo huo unaomweka mbwa kwenye hatari ya ugonjwa uliompata Simba, ambao madaktari wanauita dermoidi sainasi. Mtoto akiwa bado tumboni, ngozi na uti wa mgongo haviachani vizuri, unabaki mrija mwembamba katikati. Nywele na mafuta vinajaa humo, vinaoza. Mrija ukiwa mrefu hadi kwenye utando wa uti wa mgongo, vijidudu vimepata njia. Dawa yake ni upasuaji wa kuutoa wote, kikibaki kipande unavimba upya.

Simba alipasuliwa mara mbili. Ya pili hakuamka.

Nenda mnada wa Msalato Jumamosi uone watu wanavyonunua mbuzi. Hakuna anayetoa hela kabla hajapitisha mkono mgongoni, akabinya kiuno, akafunua mdomo. Mbuzi huyo anakwenda kuliwa! Mbwa wa kukaa naye miaka kumi tunamnunua kwa picha. Mfanyie kama mbuzi. Msimamishe, anza kisogoni, nyanyua ngozi ya katikati ya mgongo kwa kidole gumba na cha shahada, isugue polepole kama unapima kitambaa dukani, sogea hivyo hivyo hadi mkiani. Ngozi inatakiwa inyanyuke yote, iwe huru. Ukihisi uzi unaoivuta chini, mrudishie mwenyewe. Kaa zaidi shingoni na karibu na mkia, kwa sababu mara nyingi mrija unakuwa mbele au nyuma ya mstari, na macho yako yatakuwa yanaangalia mstari. Muuzaji asiyekubali umshike mbwa wake, ondoka.

Pamoja na yote hayo, mimi bado ni wa Ridgeback, na sibadiliki. Manyoya yake mafupi hayabebi vumbi, jua la hapa analivumilia, na kwa viwango vya mbegu dume lina kama kilo 36, kwa hiyo ugali, dagaa na utumbo wa kila siku haviumizi bajeti. Habweki ovyo. Ila anaruka, uzio wa miti ya miiba usimtegemee.

Boerboel ni mbwa wa mashambani Afrika Kusini, mzito, wengine wanapita kilo 70. Nyonga zinamsumbua, na wapo ambao kope zinajikunja ndani, nywele zinachoma jicho. Sasa fikiria upepo wa Agosti huku Iyumbu, lile vumbi jekundu, na jicho la namna hiyo. Ukimtaka, mwangalie kope mchana kweupe na uwaone wazazi wake wakitembea. Kupe hawachagui mbegu, bajeti ya dawa iwepo kwa yeyote utakayemchukua.

Usipowataka hao wawili, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji wanalinda vizuri. Mchanje kichaa cha mbwa, mlishe.

Kinachoniuma ni hawa wauzaji. Tangu serikali ihamie huku, swali la kwanza ni "uko wapi?", na ukijibu Dodoma bei inapanda kabla hujauliza lolote. Watoto wanatolewa kwa mama yao wakiwa na wiki tano ili muuzaji asiingie gharama ya chakula na chanjo. Kadi ya Simba ilikuwa na chanjo tatu za tarehe tatu tofauti, zote kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna hata stika moja ya chupa ya chanjo. Niliiona usiku ule ule niliompokea. Sikusema kitu kwa sababu hela ilishakwenda, na mpaka leo najilaumu kwa hilo.

Kingine wanachoficha ni watoto waliozaliwa bila mstari. Ridgeback wawili safi wanaweza kuzaa wa namna hiyo, ni damu ile ile, na hatari ya ule mrija kwao ni ndogo sana. Wanatupwa au wanagawiwa usiku kama aibu. Waulizie.

Mimi niliulizia. Mfugaji alimtoa nyuma ya banda jike la wiki tisa, akasema, "Dada, huyu hana mstari, nitakupunguzia." Nilichuchumaa, nikampapasa kutoka kisogoni hadi mkiani mara tatu mwenye mbwa akiangalia. Ngozi ilinyanyuka yote. Nikalipa laki nne, taslimu, mkononi.