12 Angry Men kwenye diski mpya: jasho limekwenda wapi?

Haya, karibuni. Leo nimekasirika, tusizungushane. Diski ndiyo hii, 12 Angry Men ya mwaka 1957, mwongozaji Sidney Lumet, mwigizaji Henry Fonda, nyeusi na nyeupe. Hadithi siisimulii. Kama hujaiona, simamisha video hii ukaitazame, ni dakika 96 tu, utanikuta hapahapa.

Sasa, kati ya wale wanaume kumi na wawili wa baraza la mahakama, waliofungiwa chumbani kuamua kesi ya mauaji, kuna yule mjumbe namba 4, wa miwani. Joto la kufa mtu, feni imegoma, wenzake mashati yamewaganda mgongoni, yeye na koti lake katulia. Mmoja anamuuliza, kwani wewe hutoki jasho? Anajibu hapana, sitoki. Basi, yanaishia hapo, nawe mtazamaji unasahau.

Baadaye sana Fonda, mjumbe mwenzake, anambana, maana Namba 4 hamwamini mshtakiwa aliyeshindwa kutaja filamu anayodai aliitazama usiku wa mauaji. Jana usiku ulikuwa wapi? Juzi? Anamrudisha nyuma siku baada ya siku mpaka usiku aliokwenda sinema. Ulitazama nini? Filamu ya kwanza anaitaja. Ya pili anakosea jina. Waigizaji ndiyo kabisa. Na hapo, subirini nirudishe kidogo... hapo! Angalieni paji la uso. Mnaona nini? Mimi sioni kitu. Mzee anatoa kitambaa anajifuta, na kwenye diski hii anafuta hewa!

Ngoja niweke DVD yangu ya zamani, imechubuka kama kisigino. Sekunde ileile. Haya, jasho lile pale, linang'aa. Mtu aliyesema hatoki jasho, ametoka jasho, tena kwa sababu ya filamu aliyoshindwa kuikumbuka. Hakuna anayemwambia kitu, hakuna muziki wa kukushtua. Kuyumba kwote kwa mtu yule kumebebwa na jasho, na hawa wamelipangusa.

Wamefanyaje? Wamepitisha programu ya kuondoa chembechembe, zile nukta ndogondogo zinazoonekana kwenye picha ya filamu. Jamani, chembechembe za filamu ya zamani si uchafu, ndiyo picha yenyewe! Programu haijui ipi ni chembe, kipi ni kinyweleo, lipi ni jasho. Inalainisha vyote. Namba 4 sasa anafanana na mshumaa.

Jamaa wa chaneli nyingine, siwataji, wameipa nyota tano. Labda waliitazama kwenye simu, tena juani. Na bei! Mara tatu ya ile DVD. Naambiwa nalipia usafi. Sikuomba usafi mimi.

Ila nisiwe mchoyo. Kuna kitu hawakuweza kukifuta. Mwanzoni kamera inawatazama wale wanaume kutoka juu. Katikati inashuka usawa wa macho. Mwishoni iko chini, dari linaonekana, na lenzi zinazidi kuwa ndefu, zile za kuvuta vya mbali, kiasi kwamba kuta zinakusogelea. Chumba ni kilekile, wewe ndiye unayekosa pumzi. Na hii ndiyo filamu ya kwanza ya Lumet kwa ajili ya sinema! Kwa hiyo ukiniandikia kwamba filamu za zamani zimepooza, nakujibu kwa chumba kimoja na meza moja.

Eeh, kura. Wapenzi wa filamu za kutisha mmewashinda wa western, zile za cowboy, kwa hiyo video ijayo ni Psycho ya 1960. Nyie wa western msinune, zamu yenu inakuja. Na wanaodai nyeusi na nyeupe haitishi, ile damu ya bafuni ilikuwa sharubati ya chokoleti. Ingekuwa ya rangi mngecheka.

Bonyezeni kitufe cha kujiunga, mnajua kilipo.

Niinunue au nisinunue? Kama DVD ya zamani unayo, kaa nayo. Kama huna... sauti ya hii ni nzuri, lazima niseme, nilianza kwa hasira lakini sauti ni nzuri. Wanapowasha taa na feni inaamka, kumbe swichi ilikuwa moja, na mvua inamwagika nje. Zimeni kelele zote hapo mlipo, nawawekea kipande hicho. Sikilizeni dirisha.