Ddrescue imetoa flopi za mama, jamani hii programu inafanya kazi

Mama alikuwa katibu wa chama chao huko Kayole miaka ya tisini, na minitsi zote alikuwa anataipu kwa WordPerfect, programu ya zamani ya kuandika, anaseivu kwa flopi, zile diski za zamani za plastiki. Juzi tukitoa vitu stoo nikapata mkebe wa biskuti una flopi 14, zile za inchi 3.5, lebo zote mwandiko wake wa biki. Nikapeleka moja kwa fundi fulani tao, Windows ikauliza kama ifomati na huyo jamaa kidogo abonyeze ndio! Nikaichomoa nikarudi nayo nyumbani.

Nikanunua draivu ya flopi ya USB, nikaweka GNU ddrescue, programu ya kuokoa data kwa diski mbovu, kwa laptopu yangu ya Linux, ni ya bure kabisa. Kabla hujaingiza flopi sogeza kile kiplastiki cha kona mpaka katundu kabaki wazi, hapo draivu haiwezi kuandika kitu juu yake.

Flopi ya 1.44MB ina sekta 2,880, yaani vipande vidogo vya data, kila moja baiti 512. Ukikopi kawaida ikifika sekta mbovu inakwama hapo inakwaruza krr krr krr mpaka moyo unakuuma, na flopi ya umri huo kila ikikwaruzwa inazidi kuharibika. Ddrescue inaruka pabaya, inachukua kwanza zile zinasomeka vizuri, halafu ndio inarudia ngumu kidogo kidogo. Kila hatua inaandikwa kwa faili ya ramani, kwa hivyo stima ilipopotea na betri yangu ilikufa kitambo nilianza pale pale ilipoachia. Mi huanza na -d -n (isome draivu moja kwa moja, iache sehemu ngumu kwanza), nikimaliza narudi na -r3 (irudie mbovu mara tatu) kwa imeji ile ile, yaani faili ya nakala ya flopi nzima, na ramani ile ile. Flopi moja ilibakisha baiti 4,608, nikarudi na -r3 ikashuka hadi 1,024, yaani sekta mbili tu, na bahati nzuri zilikuwa sehemu haina faili.

Ubaya ni kwamba hakuna vitufe vya kubonyeza, ni kuandika amri tu, kwa hivyo hakikisha jina la draivu mara mbili. Flopi yenye madoa meupe ya ukungu usiingize hivyo hivyo, inachafua kichwa cha draivu na zinazofuata pia zinakataa, ninayo moja hivyo nimeiweka kando. Na flopi za kompyuta za zamani za Amiga ama za Mac za 800K sahau, draivu ya USB haizisomi, hapo utafute Greaseweazle, kifaa cha kusoma flopi za aina hizo, na draivu ya zamani ya waya wa pini 34.

13 zimetoka. LibreOffice, programu ya kufungua na kuandika hati, imefungua zile faili za WordPerfect bila shida, nikamwekea mama kwa simu, akasoma ile ya 1997 siku waliamua kununua sufuria na viti vya kukodisha, akasoma tena kwa sauti, sasa anataka nimprintie zote.