Uzoefu wangu na Land Rover Defender 110: kutoka Solihull hadi Tanga

Mwaka 1996, nikiwa kijana mwanagenzi wa ufundi wa magari kutoka Tanga, nilipelekwa pamoja na wanafunzi wenzangu kutembelea kiwanda cha Land Rover kilichopo Solihull, karibu na Birmingham, nchini Uingereza. Leo ninamiliki Defender 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, lita 2.5, na siwezi kulieleza gari hili bila kuanza na yale niliyoyaona siku ile.

Nilitarajia kukuta roboti kila upande, lakini kwenye laini ya Defender nilikuta watu wenye spana. Chesisi, ambayo ni kama ngazi ya chuma, ilianza safari ikiwa tupu. Ikafungwa ekseli na springi, ikateremshiwa injini pamoja na gia boksi, kisha ndipo bodi ya aloi ya alumini ilipopandishwa na kufungwa kwa bolti. Tulielezwa kwamba alumini ilichaguliwa tangu Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948, kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao.

Aliyenifundisha zaidi ni bwana mmoja wa makamo aliyekuwa akifunga milango. Alifunga mlango, akapitisha vidole kwenye mwanya wake kutoka juu hadi chini, akalegeza bolti za bawaba, akausukuma kidogo kwa goti, akakaza, kisha akaufunga tena akiwa ameinamisha kichwa ili asikilize mlio wake. Alirudia hivyo mara tatu. Aliponiona nimesimama pale, aliniuliza kama ninakotoka kuna bahari. Nilipomjibu kwamba kwetu ni pwani kabisa, alinishika mkono, akaniwekea kidole chini ya mlango, pale bati la alumini linapokunjwa juu ya fremu ya chuma, akasema kwamba hapo ndipo nipaangalie kuliko injini.

Nililikumbuka neno lile mwaka 2009, niliponunua gari langu likiwa limeshatumika miaka mingi katika shamba la mkonge. Fundi aliyelihudumia kabla yangu alikuwa amerudisha madigadi ya mbele kwa bolti za chuma bila kuweka washa za plastiki wala grisi. Hewa ya Tanga ina chumvi, na unyevu wa chumvi ukikaa kati ya metali hizo mbili, chuma na alumini, alumini ndiyo inayoliwa. Hutoa ungaunga mweupe unaoinua rangi kama malengelenge. Kwa siku tatu, chini ya mwembe hapa Chumbageni, mimi na kijana wangu wa gereji tuliyafungua madigadi yote mawili na milango miwili bila kukata wala kuchomelea kitu, tukasafisha, tukaweka washa, tukarudisha. Ni magari machache ninayoyajua yanayoruhusu kazi hiyo kwa spana za kawaida.

Barabarani limenitendea haki. Kupanda hadi Amani, kwenye milima ya Usambara, wakati wa masika, udongo ukiwa unateleza, hufunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, huingiza gia nzito na kuliacha lipande taratibu. Kelele ni nyingi, na kiwiko cha dereva hubanwa na mlango katika safari yoyote ndefu. Joto nalo si haba, ingawa vijidirisha viwili vilivyo chini ya kioo cha mbele, ukivifungua ukielekea Pangani, huleta upepo mzuri sana. Mkanda wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni, ubadilishwe kwa wakati wake bila kusubiri dalili, kwa sababu ukikatika injini huumia vibaya.

Defender ya mtindo huu ilikoma kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, na hii mpya huundwa Nitra, nchini Slovakia, ikiwa haina chesisi ya peke yake, kwa hiyo haya niliyoyaeleza yasitarajiwe kwake. Anayetafuta la zamani hapa pwani aende na tochi na nyundo ndogo, alale chini ya gari, agonge chesisi upande wa nyuma na kusikiliza kama inalia kwa sauti kavu ya chuma kisicholiwa na kutu; kisha ainuke, afungue mlango wa dereva na kupitisha kidole chini yake, mwanzo hadi mwisho, kabla hajauliza bei.