Betri ya risiva kwenye gari ya nitro: nilizojaribu na ilobaki garini

Watu wakiniona Maisara na gari yangu ya nitro, ile ndogo ya kuchezea inoendeshwa kwa rimoti, suali la mwanzo huwa inakwenda spidi ngapi, la pili mafuta unapata wapi, betri hakuna hata mmoja anouliza. Na miye nilikuwa hivyohivyo, maana gari inatumia mafuta, methanoli na nitromethani na oili yake ndani, sasa betri ya nini? Kumbe injini inajizungukia tu, anoishika hatamu ni betri ya risiva, kile kidude kinopokea amri za rimoti. Ile ndo inolisha risiva na servo mbili, yaani vimota vidogo vya kuvuta, moja ya kukata kona na moja ya gesi na breki. Ikizima hiyo injini haina habari, inaendelea na safari yake.

Nimelijua hilo siku ya pili ya Sikukuu. Ramadhani nzima gari iko juu ya kabati, betri niliichaji kabla mwezi kuandama nikasahau habari yake. Ilikuwa NiMH, aina ya betri za kuchaji, ya seli tano, volti 6, na NiMH za kawaida hata usiziguse zinapungua chaji wenyewe kidogokidogo, kwa joto letu hili ndo zaidi. Basi nawasha, inaitika vizuri, nazungusha mara tatu, mara ya nne nimebana gesi mpaka mwisho naona matairi ya mbele hayakati. Naachia gesi, wapi! Rimoti iko mkononi kama kijiko. Watoto na nguo zao mpya wanapiga kelele wanatawanyika, gari inakwenda tu mpaka ikajibamiza kwenye mti, mkono wa mbele vipande viwili. Alhamdulillahi haikumpiga mtu.

Mtu ataniambia failsefu je? Nilikuwa nayo na nimeiseti ipige breki. Lakini failsefu ni kazi ya risiva, mawasiliano ya rimoti yakikatika inaipa servo amri ya breki, sasa risiva yenyewe imekosa umeme nani atatoa amri? Hapo cha kukuokoa ni springi ndogo ya kuirudisha kabureta ifunge. Nimefunga sasa, na naijaribu injini ikiwa imezimwa, nafungua gesi kwa rimoti khalafu nazima swichi ya risiva, kabureta irudi wenyewe. Isiporudi siwashi.

Haya, betri sasa.

Alkalaini nne za kawaida kwenye kile kibweta cha plastiki kilokuja na gari: zinapatikana kila duka, na hapo ndo sifa zake zimeisha. Nilitia mita, zimekaa zinasoma volti 6 na ushei, nikazungusha usukani huku napiga breki zikashuka chini ya 4.5, servo zinakwenda kama zimeamshwa usingizini. Servo zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, alkalaini haziwezi hilo. Na kibweta chenyewe gari ikiruka springi zake zinaachia, tena kwa hewa ya chumvi ya huku baada ya miezi miwili mitatu zinaota kutu ya kijani.

Nikanunua za kuchaji saizi ileile, duka moja la mjini, ni NiMH, zimeandikwa miliampia-saa 4700, yaani kiasi cha umeme inachobeba kila moja. Muuzaji ananiambia hizi ndo mwisho wa matatizo, mwanangu. Hazikumaliza hata matangi mawili ya mafuta. Nikapita nazo Darajani kwa jamaa anouza viungo nikamwomba mizani yake ya kupimia hiliki, moja ikasoma gramu 17. NiMH ya saizi hiyo ya kweli inakaa kwenye gramu 26 mpaka 30, na hata zilizo nzuri kabisa hazivuki sana 2500 na kitu. Jamaa wa viungo kacheka, kasema hata pilipili manga wanachanganya na mbegu za papai, sembuse betri. Nilirudi dukani, nikaambiwa kitu kikifunguliwa hakirudi.

Pakiti ya nundu, NiMH tano zimelehemiwa, tatu chini mbili juu, miliampia-saa 1600. Hii nzuri wallahi, na lile la Sikukuu kosa langu si lake. Haina springi za kuachia, volti haiporomoki, chaja yoyote ya NiMH inaijaza, mie napata kama saa moja na kidogo kwa servo zangu. Tatizo ndo hilo la kupungua chaji wenyewe, kwa hiyo chaji usiku wa kuamkia kucheza, siyo wiki iliyopita.

Lipo, betri ya lithiamu polima, ya seli mbili sijatia na sitii. Ikijaa ni volti 8.4, servo nyingi za zamani mwisho wake 6, rafiki yangu kaichomeka bila regyuleta, kidude cha kupunguza volti, servo ya usukani ikatoa moshi palepale tunaiangalia. Kama servo zako zimeandikwa zinachukua volti hizo, sawa, yako hiyo.

Ninayotumia sasa ni LiFe, lithiamu ya aina nyengine yenye chuma ndani, ya seli mbili, volti 6.6, nimeagiza ikaja na boti kutoka Dar, imenitoka elfu sabini na tano, ile ya nundu ilikuwa arubaini. Nyepesi, servo zangu zinaivumilia, usukani umekuwa mkali mpaka nikapunguza kwenye rimoti, na nikiiacha mwezi naikuta karibu kama nilivyoiacha. Lakini chaja lazima iwe na sehemu ya LiFe, inajaa kwenye volti 3.6 kila seli, ukiichaji kama lipo unaiua. Khalafu ina ujanja mmoja mbaya, volti yake inakaa palepale muda wote, karibu na kuisha ndo inaanguka ghafla, kwa hiyo mita haikwambii kitu. Mie nahesabu matangi, la tano likiisha natoa betri, hata kama inaonekana bado.

Alkalaini nne zilobaki babu kazichukua katia kwenye redio yake, redio inakunywa kidogokidogo haina pupa, tangu Sikukuu mpaka leo inaimba taarabu.