Upasuaji wa tundu la makula: lipime jicho kwa mwaka, si kwa wiki

Jicho langu moja lilifanyiwa upasuaji wa tundu la makula, yaani tundu kwenye kitovu cha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), na nimeishi nalo muda wa kutosha kulisemea. Huduma hii inafaa. Ila ukiipima kwa wiki za mwanzo utamlaumu daktari bure.

Daktari wa retina hutoboa vitundu vitatu kwenye weupe wa jicho, kila kimoja kikiwa chini ya milimita moja. Anatoa ute wa ndani, anatia rangi ya buluu ili utando mwembamba ulio juu ya makula uonekane, anaubandua, kisha anajaza gesi inayolibana tundu mpaka lifunge. Mara nyingi ganzi ya jicho tu inatosha. Madaktari Kelly na Wendel wa Marekani walichapisha matokeo ya kwanza ya upasuaji wa aina hii mwaka 1991. Kabla ya hapo mgonjwa aliambiwa azoee tu. Leo tundu lililo chini ya mikrometa 400 (milimita 0.4) hufunga kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10. Likiwa kubwa zaidi, au likikaa zaidi ya miezi sita, linaweza kufunga na bado kuona kusirudi vizuri. Kwa hiyo muulize daktari ukubwa wake kwenye picha ya OCT, yaani kipimo cha mwanga kinachoonyesha tabaka za retina, kabla hujasaini, na usikubali kupangiwa tarehe ya mbali bila sababu.

Gesi ndiyo inayowatisha watu. Aina iitwayo SF6 hukaa wiki mbili hadi tatu, ile ya C3F8 karibu miezi miwili. Ikiwa imejaa, unaona kivuli cha mkono wako na si zaidi. Baadaye mstari hutokea juu, unateremka siku hadi siku na kuyumba kama maji ndani ya glasi, mpaka kinabaki kiputo cha duara chini. Hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni maumivu makali yenye kichefuchefu, miale ya mwanga, pazia linaloingia kutoka pembeni, au jicho jekundu ambalo kuona kwake kunashuka. Hayo ni ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kulala kifudifudi huagizwa siku tatu hadi saba. Kwa tundu dogo, madaktari wengine hawadai sana. Weka mto chini ya kifua na taulo lililokunjwa chini ya paji la uso, jicho lenyewe lisiguse kitu. La kuepuka kabisa ni kulala chali.

Kasoro niliyoiona kwenye karatasi ya kuruhusiwa ni kwamba ilikataza ndege tu. Gesi hutanuka kila unapopanda juu, hata ukiwa ndani ya basi. Aliyefanyiwa Dar es Salaam akarudi Iringa au Mbeya anapanda zaidi ya mita 1,500. Treni ya Mombasa hadi Nairobi hali kadhalika. Presha ya jicho inaweza kupanda ghafla na kuua mshipa wa kuonea. Dai karatasi iandikwe aina ya gesi na tarehe iliyowekwa, na uionyeshe popote utakapotaka kulazwa usingizi, kwa sababu naitrasi oksaidi, gesi ya usingizi, nayo huivimbisha.

Sasa matokeo yenyewe. Wengi husoma mistari miwili au zaidi ya ziada kwenye chati ya herufi, lakini polepole: kuona huendelea kupanda kwa miezi sita hadi kumi na miwili, wengine hadi mwaka wa pili. Kingo za tundu huungana kwanza, chembe zinazopokea mwanga hujipanga baadaye. Ndiyo maana OCT inaweza kuonyesha limefunga huku kwenye neno "Jumatano" herufi za katikati bado zimebanana. Ubanano huo hupungua. Kwa baadhi yetu hauishi kabisa, na ni haki mgonjwa kuelezwa hivyo mapema.

Halafu, wakati unadhani umemaliza, kuona kunashuka tena. Kwa mwenye zaidi ya miaka 50 ambaye lenzi yake ni ya asili, mara nyingi huyo ni mtoto wa jicho, ambaye kwa wengi hukomaa ndani ya miaka miwili baada ya upasuaji huu. Mtoto wa jicho hufifisha kila kitu na taa za magari hutawanyika. Tundu likifunguka tena, mistari iliyonyooka huonekana imepinda au katikati hupotea. Daktari athibitishe, lakini tofauti hiyo itakupunguzia hofu. Miwani ya bei usinunue mapema, maana namba itabadilika kadiri lenzi inavyokomaa.

Nyumbani tumia karatasi ya miraba ya Amsler, umbali wa sentimita 30 hivi, miwani ile ile na mwanga ule ule, jicho moja likiwa limefunikwa. Pima na lile ambalo halijafanyiwa, kwa sababu nalo linaweza kutoboka, na likiwahiwa hutibiwa tundu likiwa bado dogo.