Printa ndogo ya stenseli za tatoo: pindo la kanga ndilo lililoipima

Nianze na jibu la kama inafaa kununuliwa, maana najua wengi mnalitafuta hilo kwanza. Kama unachora tatoo peke yako, chumbani au kwenye fremu ndogo, na kazi zako nyingi ni majina, maandishi na michoro ya mistari, nunua printa ndogo ya joto ya kuchapa stenseli, yaani ule mchoro wa muda unaobandikwa kwenye ngozi ili sindano iufuate. Kama kazi zako ni sura za watu na vivuli, hela hiyo iongezee kwenye sindano na taa nzuri.

Mimi nafanyia kazi Sinza. Nilianza na hina na piko kwa maharusi, sindano ikafuata baadaye. Piko lina wiki zake, likififia bi harusi anachorwa upya. Mstari wa tatoo mtu anazeeka nao, ndiyo maana kwangu stenseli ni nusu ya kazi. Kwa muda mrefu nilikuwa nachapisha mchoro steshenari, nauweka juu ya karatasi ya kaboni, halafu napitisha kalamu mstari kwa mstari. Njia hiyo inafanya kazi na bado naiheshimu. Ubaya wake ni kwamba kalamu yangu ina tabia zake. Mteja akija na mwandiko wa marehemu baba yake kwenye barua, ninachompa mwishoni ni mwandiko wa baba yake uliopita mkononi mwangu, na ule mkia wa herufi ya mwisho, ambao ndio alioufuata, umeshanyooka.

Printa niliyonunua inameza karatasi ya A4, yenyewe ni nyembamba, inaingia kwenye mkoba na kuchajiwa kwa kebo kama simu. Niliipata kwa watu wanaoagiza mizigo China, nikaichukua Kariakoo kwa laki tatu na kidogo. Bei za Kariakoo hazitulii, kwa hiyo ulizia maduka mawili matatu. Haina wino wala tona. Kichwa chake kina vinukta vinavyopata moto, na moto huo unayeyusha nta ya rangi iliyo kwenye karatasi ya stenseli, nta inahamia kwenye karatasi nyeupe ya juu. Rangi yenyewe ni zambarau, ya ukoo mmoja na GV tuliyopakwa mdomoni utotoni. Ishike bila glavu uone siku ngapi utatembea nayo.

Karatasi ina tabaka nne: nyeupe juu, chini yake nyepesi ya kinga, kisha ile yenye rangi, kisha ya njano nyuma. Ile nyepesi ya katikati lazima uichomoe, vinginevyo rangi haifiki popote. Na tafadhali sana, karatasi hii usiipeleke kwenye printa ya laser ya ofisini kwa mtu. Rola yake inafika karibu nyuzi 200, nta yote itamwagikia ndani na utalipa printa ya watu.

Sasa nije kwenye kazi iliyonionyesha uzuri na ubaya wa mashine hii kwa pamoja. Alikuja mama mmoja wa makamo kutoka Temeke, mkononi ana kanga ya marehemu mama yake, imekunjwa kwenye mfuko. Nikamwamkia, nikamkaribisha, akaitandaza mezani. Nilidhani anataka jina la kanga liandikwe. Akasema hapana, "Mwanangu, mimi nataka pindo. Hizi korosho. Zinizunguke mkono, hapa juu ya kiwiko."

Kanga ilikuwa imefuliwa mpaka rangi nyekundu imekuwa ya matofali, lakini korosho moja kwenye kona ilikuwa bado nzima: tumbo lake, mkia uliojikunja, na vinukta vinavyofuata ukingo kwa ndani. Niliipiga picha kutokea juu, simu imelala sawasawa na meza, na rula nimeilaza pembeni ya korosho ili kompyuta ijue ukubwa wake halisi. Hilo la rula lifanyeni siku zote. Picha isiyo na kipimo ndani yake ni ya kukisia.

Kwenye kompyuta natumia Inkscape. Ni programu ya bure, na ina amri ya kufuatisha picha na kuigeuza kuwa mistari inayoweza kukuzwa au kupunguzwa bila kuchakaa. Picha ikiwa chafu naipitisha kwanza GIMP, ya bure pia, naiondolea rangi, nasukuma weusi na weupe mpaka kivuli kipotee ubaki mstari. Lakini msiiamini amri hiyo peke yake. Kompyuta haijui kuwa doa la chai kwenye kanga si sehemu ya pindo. Korosho ile niliisafisha nukta kwa nukta, na hapo ndipo muda wangu mwingi ulipoishia.

Kisha mkono. Nilimpima kwa futikamba ya fundi cherehani: ukingo wa juu wa pindo sentimita 29, ukingo wa chini 27.5. Mkono wa mtu unapungua kuelekea kwenye kiwiko, kwa hiyo ukichapa pindo lililonyooka kama rula, ncha mbili zikikutana moja itakuwa juu na nyingine chini. Pindo lazima lipinde kidogo, na Inkscape inapinda. Nikapanga korosho kumi, kila moja sentimita 2.9 kwa juu na 2.75 kwa chini, nikaligawa pindo vipande viwili vya korosho tano tano, maungio yakae upande wa ndani wa mkono.

Kabla ya kuchapa chochote cha mteja huwa nachapa mraba wa sentimita 10 kwa 10, naupima kwa rula. Mashine hii kwa upana ilitoa 10 kamili, kwa urefu 9.8. Karatasi inateleza kidogo wakati inavutwa, basi. Kwa nyota ya begani tofauti hiyo haina maana, hakuna atakayeiona. Kwa pindo la kuzunguka mkono wa sentimita 29 ni karibu milimita 6, yaani korosho ya kumi haimfikii mwenzake wa kwanza na pengo linabaki hapo maisha yote. Dawa yake ni kuurefusha mchoro kwa asilimia 2 kwenye kompyuta, kwa upande wa urefu peke yake. Nilipofanya hivyo vipande vilikutana. Lakini muuzaji hakuambii, karatasi ya maelezo haisemi, na mchora tatoo asiyemiliki rula atagundua akiwa tayari ameshachana ngozi ya mtu. Hili ndilo lalamiko langu kubwa kwa mashine yenyewe, na silipunguzi.

Lalamiko la pili ni programu yake ya simu. Ukichapa kutoka kwenye simu inajifanya kuboresha picha, inanenepesha mistari na kuziba matundu ya herufi kama e na a. Unganisha na kompyuta kwa kebo, chapa kwa ukubwa wa asilimia 100, na hakikisha hujaacha ile alama ya kutoshea ukurasa, maana hiyo itakubadilishia vipimo vyote kimyakimya.

Kuhusu ukali wa mstari: kichwa kina nukta 203 kwa inchi, yaani nukta 8 kwenye kila milimita. Maduka yanasifia namba hiyo. Mimi nasema inatosha, isisifiwe. Nukta moja ni robo ya nusu milimita, na sindano moja ya kuchorea ina unene wa milimita 0.30 au 0.35 kabla hazijafungwa tatu au tano pamoja, kwa hiyo mashine inachapa kitu chembamba kuliko utakachoweza kuchora. Tatizo lipo kwenye ngozi zetu. Zambarau kwenye ngozi nyeupe inaonekana kutoka mlangoni. Kwenye ngozi nyeusi ya kukolea, kama ya yule mama, inaonekana zaidi kama mng'ao kuliko rangi, na mstari mwembamba unapotea mara tu unapopangusa wino wa kwanza. Mafunzo mengi ya kwenye intaneti yamefanyiwa ngozi nyingine na hili hayaligusi kabisa. Mimi mistari ya stenseli naipa milimita 0.6 kwenye kompyuta, kama nukta tano hivi, na taa naishusha pembeni ya mkono badala ya kuiacha juu ya kichwa. Mwanga wa ubavuni unaipiga ile nta na mstari unainuka.

Kugeuza mchoro: kwa karatasi hii, kwenye mashine yangu, hakuna haja ya kugeuza. Rangi inakaa upande wa nyuma wa karatasi nyeupe, ikiwa imeshageuka yenyewe, na ikigusa ngozi inasomeka sawa. Lakini mashine zinatofautiana na upande wa kuingizia karatasi unatofautiana, kwa hiyo jaribuni kwanza kwa herufi R. Msijaribu kwa neno MAMA la herufi kubwa, ambalo ndilo linaloombwa sana. M na A zikigeuzwa zinabaki vilevile, jicho linadanganyika, kumbe limekuwa AMAM. Maandishi ya Kiarabu ni hatari zaidi kwa mchora asiyeyasoma. Mimi stenseli ya Kiarabu haigusi ngozi mpaka mtu anayesoma ameitazama, na kama mteja hana haraka naye namwomba aje na mtu wake.

Wateja wanaotuma picha kwa WhatsApp, waambieni watume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha inabanwa, na mwandiko wa barua ya zamani ukishabanwa kingo zake zinakuwa ngazi ngazi.

Kubandika ni kulekule kwa siku zote: wembe mpya, spiriti, ngozi ikauke, losheni ya stenseli tone moja tu lisambazwe mpaka lianze kunata. Losheni nyingi inaifanya zambarau iogelee. Wanaotumia deodoranti ya kipande badala ya losheni hiyo, usimpake mteja moja kwa moja na kipande kilichogusa watu wengine. Kata kidogo kwa kijiti safi, paka kwa glavu, kijiti kitupwe. Bandika, kandamiza bila kusogeza, bandua kuanzia kona moja. Kisha subiri, dakika 15 au zaidi, na kwa unyevu wa Dar kipindi cha masika mimi naongeza na feni. Mteja aliyetoka kwenye daladala la jua kali mpe kwanza maji na kiti. Ngozi inayotoa jasho haishiki stenseli ya mashine yoyote.

Kuna wenzetu wanaotumia printa za wino za tangi, zile zilizojaa steshenari zetu, wanazijaza wino wa stenseli na kuchapa moja kwa moja kwenye karatasi. Mistari inatoka mizuri, kweli mizuri kuliko yangu. Lakini printa hiyo itakuwa ya kazi hiyo tu milele, ikikaa bila kutumika matundu yake yanaziba, mchoro lazima ugeuzwe, na inahitaji umeme wa ukutani. Tena wino wa kawaida wa kuchapia barua haukutengenezwa kwa ajili ya ngozi iliyotobolewa, asikudanganye mtu. Kwa studio yenye wachoraji wanne watano naielewa. Kwangu, ambapo umeme ukikatika jioni betri ya printa na ya laptopu zinanimalizia stenseli ya mteja wa kesho, hapana.

Yule mama alipotazama kwenye kioo alishika kanga kando ya mkono, akahesabu korosho kwa kidole mpaka kumi, akageuza mkono kutafuta maungio. Hakuyaona. "Hii ni ya mama," akasema, na tukaanza kuchora.

Karatasi nunueni pakiti ndogo. Nta inalainika kwa joto letu la Januari na Februari, na karatasi zikishikana hazifai tena. Zilaze kwenye faili la plastiki, mbali na dirisha.

Na siku ya kununua mashine, beba laptopu yako yenye ule mraba wa sentimita 10, rula, na karatasi mbili tatu za stenseli. Mwombe muuzaji afungue boksi uchape palepale dukani. Ikitoa 9.8 kama yangu, chukua, utarekebisha kwenye kompyuta. Ikitoa 9.8 mara ya kwanza na 9.6 mara ya pili, mrudishie, maana hiyo hairekebishiki. Akikataa kufungua boksi, duka la pili liko hatua chache.