Sindano ya kroshia ya kufumia midoli: pitisha ukucha mdomoni mwa sindano kabla hujalipa

Jamani naandika hii maana wiki nzima meseji ninazopata ni zile zile, mtu kaanza kufuma sungura, kafika shingoni uzi unachanika, kidole gumba kinawaka moto, na yeye anaamini tatizo ni mkono wake. Sio mkono. Mimi nilianza na seti ya sindano 12 za rangi rangi, nilinunua Kariakoo kwa elfu 15, nikafuma kichwa cha tembo mara 4 na mara zote 4 nikakifumua, nikasema basi kroshia sio yangu. Dada akaniazima sindano yake moja tu, kichwa kile kile, uzi ule ule, kikaisha jioni hiyo hiyo.

Mambo ya saizi sikai huko. Kwa uzi kama YarnArt Jeans chukua sindano ya milimita 2.5, hata kama lebo inakwambia 3.5, maana mdoli ukilegea pamba ya ndani inachungulia. Angalia mdomo, pale sindano inaposhika uzi. Hizi za bei ya chini nyingi zina mstari wa kiwandani au kachuma kadogo kamebaki, kwa macho hukaoni. Pitisha ukucha mle ndani taratibu, ukikwaruza hata kidogo rudisha.

Kwenye kitambaa cha kochi mdomo mkali utauvumilia, matundu yako wazi. Mdoli unafumwa kwa kubana, unaanza na pete ya vitanzi 6, mzunguko unaofuata 12, halafu 18, halafu 24, na kila tundu unaingia kwa kulazimisha. Ukifika kwenye kupunguza vitanzi ndio kabisa, pale hutoboi vitanzi viwili vizima, unadaka nyuzi za mbele tu za vitanzi viwili vinavyofuatana, unavuta uzi ndani ya zote mbili kwa pamoja halafu unamaliza kama kawaida, na shimo halionekani. Mbinu nyepesi sana kwa anayeanza, ila kwa sindano yenye mdomo mkali utadaka nusu uzi, nusu hewa, na utajilaumu bure.

Kwenye sindano za kununua, namba moja ni Clover Amour ya Japani na sifichi, hiyo ndiyo ninayoipenda. Kichwa cha alumini laini kabisa, uzi unateleza wenyewe, mpini wa mpira, kila saizi na rangi yake kwa hiyo huhangaiki kutafuta namba. Yangu ya 2.5 imeshafuma tembo, kasa na twiga wawili na bado ukucha unapita kama kwenye kioo.

Namba mbili Tulip Etimo, nayo ya Japani. Mpini wake una mto mzuri, mwenye viganja vikubwa anaweza hata kuipenda kuliko Clover, mimi mkononi naiona nene.

Tatu, alumini tupu isiyo na mpini, ununue moja moja na kila moja uipime kwa ukucha. Plastiki ya 2.5 inapinda ukibana. Seti za rangi rangi hapana.

Na hapo kwenye kupima ndipo wauzaji wanaponikera kweli. Unaomba ufungue pakiti uguse, unaambiwa mama ukifungua umenunua. Unataka 2.5 moja, unaambiwa hatuuzi moja moja, chukua seti, yaani nilipie sindano 11 ambazo sitazigusa. Kuna mmoja wa mtandaoni aliweka picha ya Clover, nikalipa na bodaboda juu, ikaja sindano isiyo na jina lolote na mpini unanuka gundi, kumuuliza ananijibu kazi ni ile ile dada. Sio ile ile! Siku hizi sitoi hela mpaka anitumie picha ya mdomo wa sindano kwa karibu, na anayekataa namuacha na sindano yake.